Shangazi Mifupa Hali Watu

Katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu, jina likishabandikwa halibanduki. Soksi alipata lake siku soksi moja nyekundu ilipojificha ndani ya foronya na kuyageuza mashati meupe ya meneja kuwa ya waridi. Meneja yule alishahama, mashati yalishakuwa matambara, lakini hadi leo mume wake Soksi akija kumchukua jioni husimama mlangoni na kuuliza, "Soksi ametoka?" Twiga naye anaitwa hivyo kwa ajili ya shingo yake. Husema ana bahati, maana jina lake alizaliwa nalo, hakulitafuta kwa makosa.

Mimi sikuwa na jina. Nilikuwa sisemi, na asiyesema si rahisi kumkamata akikosea. Nilikunja taulo, nikiitwa niliitika, na saa ya kula nilikwenda kukaa nyuma ya mashine ya kukaushia, mahali penye joto na kelele ambapo hakuna anayekuja kukuuliza habari. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa maji ya moto.

Huko nyuma ndiko nilikokuwa naangalia kitabu kimoja. Mgeni mmoja wa hoteli alikisahau chumbani, kikakaa katika kabati la vitu vilivyopotea mpaka Mama Pasi, mkubwa wetu, akachoka kukihamisha kila anapotafuta sabuni. "Kichukue, mwanangu," aliniambia. "Angalau kitapata mtu wa kukifuta vumbi."

Kilikuwa kinene kama tofali, jalada lake limeng'oka, na ndani mlikuwa na picha tupu za wino mweusi: watu, mapanga, majitu, moshi. Maneno yake machache yalikuwa ya nchi ya mbali, herufi zake kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Katika hoteli nzima hapakuwa na mtu wa kuyasoma, kwa hiyo hilo halikuninyima usingizi. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikaanza kufuata picha.

Siku moja umeme ulikatika. Mashine zilinyamaza zote kwa pamoja, na Twiga akanikuta nilipo.

"Mdogo wangu, kumbe huku ndiko unakojifichia na bwana," alisema, akaninyang'anya kitabu. Alifunua, akakunja uso. "Huyu mbona hana mkono?"

"Anautafuta," nilisema.

"Anautafuta wapi?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu kulikuwa na giza kidogo na hakuna aliyekuwa ananitazama usoni. Nilimweleza. Umeme uliporudi, Soksi alikuwa amekaa sakafuni karibu yetu, na Mama Pasi, ambaye alikuwa amekuja kutufukuza, alikuwa bado hajatufukuza.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mmoja amesimama peke yake kwenye majivu, hana mkono wa kulia. Tulimwita Mkono Mmoja. Mbele yake amekaa mwanamke mkubwa kama ghorofa, amevaa taji la mifupa, tumbo limemjaa. Ukimtazama unasema huyu bwana leo ndiyo mwisho wake. Lakini ukifunua ukurasa unaofuata, yule mwanamke anapanua kinywa na watu wanatoka, mmoja mmoja, wazima, na nguo zao mwilini. Huyo tulimwita Shangazi Mifupa. Kuanzia hapo kila mtu anarudishiwa chake. Majitu yenye meno yanajikunja, yanalia, yanakuwa majirani. Askari wanakuja na kuwachomoa watu mikuki vifuani, kama daktari anavyochomoa mwiba, kisha wanaondoka zao bila kudai hata asante. Moshi unashuka kutoka juu na kuingia ndani ya nyumba, na nyumba zinabaki nzima.

"Askari wa nchi gani hao?" Mama Pasi aliuliza. "Nihamie."

Alisema pia kwamba hataki upuuzi saa za kazi, kisha akasogeza meza yake ya pasi karibu na ya kwetu ili asikie vizuri. Tangu hapo sikula tena nyuma ya mashine. Nilikula mezani, katikati, na kitabu mbele yangu, na watu wakinyamaza nikifungua mdomo. Siku Mkono Mmoja aliporudishiwa mkono, uliporuka kutoka kwenye matope na kujibandika begani kwake, Soksi alilia juu ya shati la mgeni ikabidi alipige pasi upya. Twiga alikuwa anasema anataka kuolewa na Shangazi Mifupa, au kama haiwezekani, na mpwa wake yeyote.

Kurasa zilikuwa zimebaki chache, nami nilikuwa nazitoa kidogo kidogo kama mtu anayebana dawa ya meno, ndipo fundi wa boila alipokuja kuziba bomba la mvuke. Kijana huyo huongea na mabomba kuliko watu. Aliposikia habari za taji la mifupa alitoa kichwa chini ya meza.

"Hicho kitabu nakijua," alisema. "Kimetolewa filamu. Siyo ya katuni, ya watu wa kweli. Ninayo kwenye flashi, na imewekwa sauti za Kiswahili."

Nadhani hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Nilitaka kumwona Shangazi akitembea.

Jumamosi baada ya zamu tulikaa kwenye ukumbi wa chakula wa wafanyakazi, Fundi akachomeka flashi kwenye runinga. Filamu ilianza na mama akiwapakulia supu wanawe wawili. Mkubwa akamchokoza mdogo, mdogo akacheka.

"Hawa ni nani?" aliuliza Soksi.

"Huyo mdogo ndiye shujaa mwenyewe," alisema Fundi.

"Shujaa gani ana mikono yote miwili?" alisema Twiga. "Wametuonyesha mwisho. Mdogo wangu alikuwa hajatufikisha huko. Fundi, umetuharibia."

"Huu ndio mwanzo, dada."

"Mwanzo ni majivu. Kila mtu anajua."

Waliendelea kuangalia, lakini kwa macho ya watu wa kufua. Shujaa aliburuzwa kwenye kinamasi, na alipotoka upande wa pili joho lake lilikuwa jeupe.

"Nani amefua?" aliuliza Mama Pasi.

"Ni sinema, Mama," alisema Fundi.

"Sinema ndiyo, lakini nani amefua? Tope la kinamasi halitoki kwa kulitazama. Na hiyo damu kifuani ni rangi ya keki. Damu ikikauka huwa kahawia, kamuulize Soksi."

"Mimi hayo mambo ya nyekundu msinitaje," alisema Soksi.

Na meno ya shujaa hawakuyaacha. Mtu amelala mapangoni miaka yote hiyo, meno yake yanang'aa kuliko sinki. Sauti yake ya Kiswahili ilikuwa ya mtangazaji mmoja wa matangazo ya godoro, kwa hiyo kila alipoapa kulipiza kisasi Twiga alimalizia, "kwa usingizi mnono."

Nilicheka nao. Kisha ikafika sehemu ya mkono. Niliijua kwa ule mti uliopinda na yale matope, vilevile kama kitabuni.

"Tulieni," alisema Mama Pasi. "Sasa mkono unarudi."

Mkono ulikuwepo begani. Panga likashuka, mkono ukaruka, ukaangukia kwenye matope.

"Wamekosea," alisema Mama Pasi.

Nilitazama zile nyumba zinazotoa moshi, nikatazama askari wakichomeka mikuki badala ya kuichomoa, na kila picha niliijua. Watu walikuwa walewale wamesimama palepale. Ni hatua tu zilizokuwa zinaelekea upande mwingine. Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya kiti. Nilikisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

Mwishoni akatokea Shangazi Mifupa. Sehemu yake walimpa msichana mwembamba mwenye kucha ndefu.

"Shangazi gani huyu?" alisema Twiga. "Hajawahi hata kubeba ndoo."

"Mpeni nafasi," alisema Soksi. "Labda ana moyo mzuri."

Yule msichana akapanua kinywa. Wote watatu waliinama mbele kuwapokea watu wanaotoka. Watu wakaingia. Akaingia kaka mkubwa, wakaingia majirani, kijiji kizima kikaenda chini kama supu, na shujaa akabaki peke yake kwenye majivu. Maandishi yakaanza kupanda.

Twiga alisimama akaiziba runinga yote. "Shangazi Mifupa hali watu," alisema polepole.

"Anakula," alisema Fundi. "Ndiyo kazi yake."

"Wewe umemjua lini? Sisi tumekaa naye mezani. Ni kama mkunga yule. Hawa wenye filamu wameona mambo mazuri hayauzi, wakageuza kila kitu. Watu walirudishwa, wao wanawameza. Mkono umepona, wao wanaukata. Huko ni kukosa adabu kwa mwenye kitabu."

"Kwenye kitabu anakula hivyohivyo."

"Mdogo wangu," alisema Twiga, "mwonyeshe huyu kitabu."

Sikuwa na la kufanya. Nilikitoa. Fundi alikipokea, akakigeuza, akafungua kutoka nyuma.

"Vitabu vya kwao hufunguliwa huku," alisema. "Tazameni. Supu hii hapa."

"Unakishika mgongo juu halafu unataka kutufundisha," alisema Soksi. "Kitabu kina mbele na nyuma, Fundi, hata cha kuchorea."

"Huyu msichana amekisoma chote," alisema Mama Pasi. "Wewe umeangalia filamu tu. Usimtie mwenzako aibu mbele za watu."

Fundi alinitazama. Yeye pia si msemaji, na wanawake watatu walikuwa wamemzunguka. Niliona anavyofunga kitabu taratibu, tayari kusema labda amechanganya na kingine. Kama ningenyamaza kidogo tu, yangekwisha pale. Yeye angerudi kwa mabomba yake akiwa mwongo, nami ningebaki mezani, katikati. Kunyamaza ndiko nilikokujua kuliko kitu chochote duniani.

"Fundi anasema kweli," nilisema. "Nilianzia mwisho."

"Mwisho wa nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Wa kitabu. Nimekisoma chote kwa kurudi nyuma. Sikujua, Mama. Watu hawakuwa wanatoka. Walikuwa wanaingia."

Mama Pasi alichukua kitabu mwenyewe. Alikifunua huku, akakifunua huku, akatazama mikuki muda mrefu. Twiga ndiye aliyeanza. Alitoa sauti ndogo puani, akajishika mdomo, kisha akakaa chini na kujiachia.

"Wale askari," alisema akifuta macho. "Mama, wale askari uliotaka kuhamia kwao."

Soksi alilala juu ya meza kwa kicheko. Mama Pasi alijaribu kukaza uso lakini mabega yalimsaliti. "Na mimi nimewaombea dua," alisema. "Kila usiku nawaombea wauaji."

"Mdogo wangu, wewe ni rivasi," alisema Twiga. "Rivasi kabisa. Umelirudisha lori zima kinyumenyume na sisi ndani."

Jina lilikuwa limebandikwa. Nilichukua mfuko wangu na kwenda nyumbani, masikio yakiwaka.

Jumatatu saa ya kula nilirudi nyuma ya mashine ya kukaushia. Kutoka pale niliwasikia wamemkalisha Fundi kwenye kiti changu, na kitabu mbele yake, wakimtaka asimulie kwa mpangilio unaotakiwa. Alijitahidi.

"Mama yao anapakua supu," alisema. "Halafu wanakuja askari."

"Na mama?" aliuliza Soksi.

"Anakufa. Yeye ndiye wa kwanza."

"Na yule kaka anayependa utani?"

"Naye anamezwa, mwishoni."

"Nani anabaki?"

"Shujaa peke yake. Ndiyo uzuri wake. Inaonyesha kwamba..."

"Fundi," alisema Mama Pasi, "boila inakuita."

"Sijasikia kitu, Mama."

"Mimi nimesikia."

Kiti kilisogezwa, mlango ukafungwa. Kisha sauti ya Twiga ikapita juu ya mashine zote.

"Rivasi! Shuka za ghorofa ya pili ziko huko kwako. Zilete."

Nilisimama na lile jina. Halikuwa zito kama nilivyodhani. Lilikuwa kama aproni mpya, ngumu kidogo shingoni. Nilibeba rundo la shuka mpaka kidevuni, nikatoka nyuma ya mashine, na hapo, sijui miguu iliamua lini, niligeuka nikawapa mgongo na kuwaendea kinyumenyume, hatua kwa hatua, nikilia kama lori linaporudi nyuma: pi, pi, pi.

Twiga alianguka juu ya Soksi.

"Ukizimwaga hizo utazifua kwa mikono yako," alisema Mama Pasi, huku akikivuta kikapu cha magurudumu nisije nikajikwaa. Nilifika mezani, nikatua shuka. Alinisukumia kitabu, kimefunguliwa nilivyokuwa nakifungua mimi, karibu na kurasa zile chache nilizokuwa nimebakiza.

"Kaa. Yule mama yao hajarudi bado," alisema. "Mrudishe."