Mguu Mmoja Nje

"Ikala chini."

"Mama, chakula inaingia tu mu tumbo. Tumbo haiulize kama niko nasimama."

"Nimesema ikala, Bruce. Kiti iko pale."

"Toka utoto ni kiti, kiti. Nikikula nasimama, nani anakufa?"

Mama Berthe akamtazama. Bruce alikuwa ameegemea mlango, sahani mkononi, mguu mmoja ndani, mwingine uani, macho kwenye barabara ya mtaa wao wa Nyakasanza. Bugali ulikuwa bado unafuka moshi, na samaki wa ziwani Kasenyi alikaangwa kwa heshima ya safari: alfajiri Bruce angepanda lori la Mongbwalu, akachimbe dhahabu na rafiki yake Michée.

"Baba yako alikuwa anakula vile," mama akasema. "Mukono chini ya sahani, mguu moja inje. Siku moja akatia sahani chini, akasema anafika Mongbwalu. Weye ulikuwa mu tumbo yangu."

"Sikumuona hata siku moja."

"Ndiyo ile inaniogopesha. Nani alikufundisha?"

Bruce akautazama mguu wake wa nje kama mguu wa mtu mwingine. Shule aliiacha kwa sababu benchi lilimchoma matako. Kazi aliziacha vilevile. Siku zote aliamini kuhangaika kule ni mali yake, kitu pekee ambacho hakupewa na mtu. Kumbe nacho kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakurudi.

Akaingia, akaketi. Akala taratibu, kama anayemeza dawa. Mama akafuata kila tonge kwa macho, na uso wake ukaanza kulegea.

Kisha goti la Bruce likaanza kutetemeka. Akalikandamiza kwa kiganja. Likatulia, la pili likaanza, na sahani ikagongagonga juu ya meza. Akakumbuka fundo la kitenge ambalo mama alimfungia kwenye kiti hikihiki alipokuwa mdogo, likimbana tumboni.

"Niko naikala, mama. Unaona? Niko naikala."

Mama aliona. Alilitazama goti lile kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana njiani na anayemfahamu. Halafu akachukua samaki aliyebaki, akamwekea.

"Simama, mutoto wangu," akasema polepole. "Kula vile unaweza."

Bruce hakusimama. Aling'ang'ania goti kwa mikono miwili.

Mama Berthe akageuka, akaenda zake jikoni, asingoje kuona.