Maziwa ya Kuosha Kifua

Kama ujinga ungekuwa rangi ya gari, Wambugu angeipaka Nyeri nzima na mkebe ubaki umejaa. Alikuwa na gereji ya kunyoosha bodi na kupuliza rangi, kando ya barabara ya kwenda Tetu, na kila asubuhi alimpa mpaka rangi wake, Nyawira, kikombe cha maziwa. Si kwa ukarimu, jamani! Maziwa hayo ndiyo yalikuwa badala ya maski.

"Kunywa, inaosha kifua," angesema kwa sauti ya daktari. "Maski ni maneno ya Wazungu."

Nyawira alikunywa, akakohoa. Miaka ya kupuliza rangi akiwa amejifunga leso tu puani ilikuwa imemmaliza. Siku hizi akipanda kilima cha kwenda kwake alisimama njiani akishikilia nyua za watu. Alichotaka ni maski ya maana, yenye chujio, kabla kifua hakijafunga kabisa. Alipomwomba, Wambugu alicheka mpaka akatoa machozi.

Ndipo habari ikaja kwamba kesho yake afisa wa mazingira, Bwana Oloo, angefika kukagua. Loo, mngemwona Wambugu! Mtu aliyedharau maski alikimbia kwa jirani mchomeleaji kuazima zenye chujio, akazitundika ukutani kama kalenda. Kisha akaagiza thina chafu yote, ile dawa ya kuyeyushia rangi, iliyokuwa kwenye madebe imwagwe mtaroni ili uwanja upendeze.

"Mzee, hiyo mtaro inateremka mpaka kwako, penye ng'ombe inakunywa," Nyawira alimwambia.

"Ati sasa wewe ndio unajua maji inaenda wapi? Mwaga!"

Nyawira alikataa katakata. Wambugu akakunja suruali, akamwaga mwenyewe huku akimtukana.

Asubuhi Nyawira alipewa kikombe chake kama kawaida. Alikinusa, akakiweka juu ya benchi.

Oloo alifika, akaona maski, akaona uwanja safi, akatoa kalamu. Moyo wa Nyawira ulishuka. Sahihi ikitiwa, maski zingerudi kwa mchomeleaji jioni, naye abaki na kikohozi chake. Lakini mwenye gereji hakuweza kukaa na bahati yake.

"Chai kwanza, afisa! Hakuna mtu hutoka kwangu bila chai. Maziwa ni ya ng'ombe yangu, imekamuliwa leo!"

Oloo alipiga funda moja, akalitema palepale. "Hii kitu iko na thina!"

"Thina? Maziwa yangu haina shida yoyote!" Wambugu alifoka.

Nyawira alichukua kikombe chake kutoka kwenye benchi, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Basi kunywa, mzee. Inaosha kifua."

Wambugu alikileta puani. Uso ukamsawijika. Akakiweka chini haraka, akachomoa simu, akampigia mkewe.

"Wachuka! Hiyo maziwa ya leo usipatie wajukuu! Mwaga! Mwaga yote, nakwambia!"

Gereji nzima ilimsikia. Oloo alirudisha kalamu mfukoni, akafunga faili, akamwomba Nyawira amwonyeshe mtaro unakopita.

Nyawira alisimama kidogo mbele ya Wambugu, pumzi ikimkwaruza.

"Kumbe ulikuwa unajua thina inadhuru mtu," alisema, akamwongoza afisa nje.