Tanguliza Mguu Unaouma

Asubuhi hiyo fundi cherehani wa ghorofa ya tano alikuwa bafuni akipiga mswaki, amesimama kwa mguu mmoja, maana wa pili haukuwa tena wa kutegemewa. Lifti ya jengo ilikuwa imeanguka naye ndani, paja likavunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo hakuwahi kushuka hadi kwenye kibanda chake cha kushonea. Mwenye nyumba, kila akipigiwa simu kuhusu lifti, alijibu kwamba mvumilivu hula mbivu.

Mguu mbovu ulimchosha, akauegemeza ukutani upumzike. Ukanata. Akainua na ule mzima, nao ukafuata, akajikuta amesimama ukutani kama watu wanavyosimama sakafuni, kichwa kikielekea mlangoni. Akamaliza kupiga mswaki. Mate yaliangukia kwenye sinki kama siku zote.

"Mama," aliita, "nadhani leo nitakwenda kazini."

"Jifunge kitambaa vizuri," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Nje kuna upepo."

Akatokea dirishani, akateremka ukuta wa mbele hatua kwa hatua, gauni likishikamana na magoti kwa adabu zote. Jirani wa ghorofa ya tatu alilalamika kwamba amekanyagiwa shuka alizoanika. Chini, mteja alikuwa anasubiri.

"Shoga, suruali ya mume wangu umekaa nayo mpaka mwenyewe kanenepa."

Fundi aliomba radhi, akapangusa vumbi kwenye cherehani, akaketi. Mlio wa pedali ulipoanza alilia kwa furaha mpaka uzi ukalowa.

Mwingine angenyamaza na bahati yake. Fundi hakuumbwa hivyo. Jambo jema akikaa nalo peke yake humpa kiungulia. Jioni, akirudi, aligonga dirisha la dereva mstaafu wa ghorofa ya sita, ambaye magoti yalikuwa yamemfungia ndani.

"Babu, toka nje."

"Kwa magoti haya?"

"Hayo hayo ndiyo yanayotakiwa. Tanguliza mguu unaouma. Mzima utafuata wenyewe."

"Na kama yote inauma?"

"Basi utakwenda mbio."

Babu alikwenda mbio kweli, akipiga honi kwa mdomo kila kona ya jengo. Baada yake akaja muuza mayai aliyegongwa na pikipiki, ambaye sasa alipanda na trei kichwani bila yai hata moja kupasuka, kisha mwalimu mwenye baridi yabisi, kisha watu wa mitaa ya jirani, wakichechemea hadi kwenye msingi na kuondoka wakiruka. Vijana wenye miguu mizima walijaribu, wakaangukia kwenye godoro walilotandika chini, wakarudi kwenye ngazi wamenuna. Wote fundi aliwashika mkono mmoja mmoja, wanaolia na wanaocheka, na wengi walifanya yote mawili.

Alibaki mama yake tu. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Kilichochoka ni moyo, na daktari alikuwa amempiga marufuku ngazi. Alipojaribu ukuta, ukuta ulimrudisha sakafuni polepole, kwa heshima ya umri wake. Kumbeba mgongoni nako ulikataa.

"Mimi nitengenezewe lifti," mama alisema. "Nataka kuukanyaga udongo kabla sijafukiwa humo."

Mwenye nyumba akaja mwenyewe, siyo kwa ajili ya lifti bali kukemea nyayo kwenye rangi yake. Alipanda kwa ngazi, akakanyaga kidato kilichooza, akashuka kwa mgongo mpaka chini. Mguu ukavunjika.

"Aliye juu mngoje chini," alisema babu kwa kuridhika. "Mwacheni alale."

Fundi hakuweza kumwacha. Alijua jinsi dari inavyomchosha mtu anayeitazama kutwa. Mfupa ulipounga, vibaya kama wake, alimwendea.

"Nitakufundisha. Ila lifti, kwa ajili ya mama."

"Naapa kwa mguu huu," alisema mwenye nyumba, machozi yakimlengalenga, na wakati huo alimaanisha.

Akapanda. Ghorofa ya pili alicheka, ya nne aliimba, na alipofika paani jengo zima lilipiga vigelegele. Babu mwenyewe alimpigia honi. Fundi alimkumbatia bila kinyongo chochote, kwani alijua utamu wa kusimama tena.

Mafundi wakaja kweli. Waliziba shimo la lifti sakafu kwa sakafu, likawa vyumba vya kupangisha, vidogo, lakini kila kimoja na mlango wake. Fundi cherehani alipiga kelele, akapiga simu, akaambiwa mvumilivu hula mbivu. Basi akapanda na beseni la udongo, akaliweka ndani, chini ya dirisha, na mama akavua ndara, akaingia. Humo ndimo alimosimama kila asubuhi, akiwamiminia chai wapitao ukutani. Haikumwagika, chai nayo ilikuwa imeshazoea.

"Mwanangu," mama alimwuliza mwenye nyumba alipopita, "na lifti?"

Mwenye nyumba alikunywa mpaka tone la mwisho, amejinyoosha hewani kwa raha zake.

"Mama nawe! Nyumba hii, nani asiyeweza kupanda?"

Akarudisha kikombe, akashukuru, akaendelea na safari yake ya juu.