Kola ya Yuma

Dokta Lucien aliweka mfupa juu ya kitambaa cheupe, mfupa mdogo usiozidi kidole changu cha mwisho, nami nikakitazama kitambaa. Kilikuwa kimepindwa vibaya. Miaka ishirini na sita nakaa nyuma ya cherehani, na jicho langu hukimbilia pindo hata pale linapotakiwa kuangalia kitu kingine.

Alinieleza polepole, kwa upole wa mtu aliyezoea kubeba habari mbaya. Shimo la wachimbaji lililoporomoka upande wa Kipushi miaka mitatu iliyopita limefukuliwa, na mabaki ya watu watatu yametolewa. Wawili wameshatambuliwa na familia zao. Wa tatu hakuwa na kitambulisho wala pete, ila kwenye pingili ya saba ya shingo yake paliota ubavu wa ziada, upande mmoja tu. Mtu huzaliwa nao, alisema. Kati ya watu mia mbili labda mmoja anao, na wengi hufa bila kujua. Akaniuliza kama mume wangu alikuwa na uvimbe mgumu shingoni, juu kidogo ya mtulinga.

 Alikuwa nao, tena nani aujue kama si mimi? Yuma alikuwa seremala, lakini kwa kola alinisumbua kuliko gavana mwenyewe. Kila kanzu inamkaba, kila kanzu inamkaba, mpaka siku moja nikamsimamisha mbele yangu, nikampapasa shingo na kukiona kile kinundu. Tangu hapo kola zake zote za kusimama nilizilegeza mahali hapo, nafasi ya kidole kimoja. Hata mama yake mzazi hakujua.

“Iko upande gani, mama? Ya kushoto ao ya kuume?”

“Kushoto,” nikajibu. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ndio uliokumbuka.

Dokta akaisoma karatasi yake mara mbili. “Huyu, iko kuume.”

Nilishikilia ukingo wa meza kwa furaha. Ndiyo, furaha, na sioni haya kuisema. Yuma alitoka Jumatatu moja, miaka mitatu iliyopita, kwenda kusimika magogo ya kuzuia mashimo ya wachimbaji yasiporomoke, akasema atalala siku mbili, na simu yake haikuita tena. Tangu hapo wifi yangu Rehema anatangaza mtaa mzima kwamba kaka yake amevuka Zambia na ana mwanamke huko. Tuligombana kwa maneno hayo hadi sikukuu ya Idi ikatuharibikia. Lakini siku hiyo nilitoka hospitali nikiwa nimeukumbatia ule umbea wake. Mungu ampe huyo mwanamke afya njema na ampikie Yuma bukari, ugali wa kwetu, ya moto. Laghai anayepumua ni laghai wangu bado.

Kabla sijaondoka dokta alinieleza kwamba Ijumaa mabaki yale yatazikwa na manispaa, kwa namba, kwa kuwa hayana mwenyewe. Nikasema Mungu amrehemu, nikafunga mlango taratibu.

Kesho yake, Alhamisi, binti yangu Fatouma alikuwa amesimama mbele yangu sebuleni, nampima gauni la harusi ya rafiki yake. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikamwambia anyanyue bega la kushoto. Akanyanyua lile nisilolitaka. Nikaligonga lile jingine kwa kidole na kumwambia tena, kushoto, husikii?

“Mama, hii ni ya kuume,” akasema huku akicheka. “Unahesabia tena upande yako.”

Ni utani wa zamani. Nikimkabili mtu, upande ulio kushoto kwangu nauita kushoto kwake, na wateja wangu wameshazoea; hufuata mkono wangu, mdomo wangu hawausikilizi. Kwa kawaida ningecheka naye. Nilizitoa zile pini moja moja na kuzichomeka kwenye kimto cha pini, nikiogopa kuzimeza. Kisha nikamtuma uzi ambao sikuuhitaji.

Kanzu ya Yuma ilikuwa chini kabisa sandukuni. Niliipakata muda mrefu bila kuikunjua. Nikawaza: anayejua ni nani? Nikinyamaza, Ijumaa itapita kama Ijumaa nyingine, Yuma atabaki Zambia na mwanamke wake, na mimi nitabaki mke ambaye mumewe anaweza kubisha hodi wakati wowote. Niliwakasirikia wote, dokta kwa maswali yake, Fatouma kwa kicheko chake, na Yuma zaidi, kwa kuzaliwa na kitu kisichokuwa na kazi yoyote mwilini. Halafu nikawaza mtu amelazwa udongoni kwa namba, bila kuoshwa, bila dua, na anayeijua shingo yake amekaa nyumbani amefunga mdomo.

Nikaikunjua. Sikutaka kuitazama kwa mbele, kwa kuwa macho yangu nilikuwa siyaamini tena. Nikaivaa juu ya nguo zangu na kufunga vifungo mpaka juu. Upande wangu wa kushoto kola ilinishika sawasawa. Upande wa kuume ililegea. Nikaingiza kidole, kikaenea.

Nilimpigia dokta simu nikiwa hivyo hivyo, saa nane ya mchana, jua limejaa dirishani na jirani anatwanga majani ya muhogo ya sombe yake. Nilimwomba wasimzike kesho, kuna watu wa kumwosha na kumswalia.

Nilisikia akifunua karatasi zake. “Lakini jana ulisema kushoto, mama.”

“Nilisema, dokta,” nikamjibu. Kidole changu kilikuwa bado ndani ya kola. “Nilikuwa nimesimama mbele yake.”