Mkeka wa Mkono Mmoja

Mwaka aliotawazwa Malkia wa Waingereza, binti yangu Mwanakombo alichumbiwa, nami nikaapa hataingia nyumba ya mume bila mkeka wa jicho la kwale. Urembo huo pale Temeke tulikuwa tunaujua wawili tu, mimi na dada yangu, na dada tulikuwa tumeshamzika. Nikifa mimi, nao umekwisha. Hilo liliniogopesha kuliko kifo chenyewe.

Mwanakombo kusuka alikujua tangu utotoni, lakini jicho la kwale hakutaka hata kulisikia.

"Mama, Kariakoo kuna mazulia. Unajitesea nini?"

"Zulia halina kwao," nikamjibu. "Wewe una kwenu."

Nikachana ukindu, nikautia rangi, nikaanza kusuka ukili, ule mshipi mrefu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Nilikuwa nimefika nusu, na wallahi sijapata kusuka vizuri namna ile, kidole gumba kikaota mdudu. Kikavimba, hata kijiti cha kiberiti nikashindwa kukishika.

Mwanakombo alinikuta nalia. Akaketi chini kando yangu.

"Basi nionyeshe, nikumalizie."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kila mkono una mkazo wake. Ukishona pamoja ukili wa mikono miwili, mkeka unafura katikati wala hautandiki, na wanawake wa upande wa mume wangetucheka mpaka Mbagala.

"Humalizii," nikamwambia. "Unaanza."

Ukili wangu nikampa jirani yangu Jovina, mke wa karani, ashonee atakacho. Uliniuma kama jino linalong'olewa.

Mwanangu akasuka, mimi nikabaki mdomo tu: pandisha, ruka mbili, usivute sana. Alivuta sana. Nikamfokea, akanitazama kwa jicho baya, tukaendelea hivyo hivyo mpaka mkeka ukashonwa.

Siku wanawake wa upande wa mume walipokuja kutazama vyombo, shangazi yake bwana harusi, Bi Mwamvita, aliutandika mkeka sebuleni mbele ya wote. Huyo ni mteja wangu wa siku nyingi, kazi yangu anaijua kwa viganja. Akaupapasa pembe hadi pembe, kisha akanigeukia.

"Mwanabaraka, huu si mkono wako."

Moyo ukanipiga paa. Wanawake wakasogea kutazama.

"Huu umekaza kuliko wako," akasema. "Na mie nautaka wa hivi hivi. Kausuka nani?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma ya pazia, alikofichwa bi harusi asionekane wala asisikike.

"Mie, shangazi. Shikamoo. Ngoja fungate iishe, nitakusukia."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, vigelegele juu. Nimenyang'anywa mteja wangu wa miaka yote mbele ya macho yangu, nami nikapiga kigelegele kuwashinda wote.