Msumari Mfukoni mwa Mzee Dod

Tangu washuke basi mjini Crail Ijumaa jioni, Ishbel alikuwa akimkumbusha mchumba wake Murdo maneno ambayo wavuvi wa pale hawayataji. Nguruwe asitajwe; neno la mwiko likiponyoka, ushike chuma upesi kuondoa mkosi. Mchungaji wa kanisa ndiye asitajwe kabisa. Na hapo ndipo hofu ya Ishbel ilipoanzia, maana Murdo alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu chuoni awe mchungaji mwenyewe. Mzee Dod, babu aliyemlea Ishbel na ambaye alitamani amsindikize kanisani siku ya harusi, hakuwahi kupanda mashua siku aliyokutana na mtu wa kazi hiyo gatini. Kaka yake mzee huyo alizama asubuhi ambayo mchungaji aliwapungia mkono.

"Nitamwambia kabla hatujaondoka," alisema Murdo.

"Atakataa. Subiri kwanza."

Jumamosi Murdo aliuzunguka mji kwa furaha. Alipapasa mikwaruzo ya ukuta wa kanisa, mahali wapiga upinde wa kale waliponolea mishale, kisha akataka kulikalia jiwe la buluu ambalo, kwa hadithi za pale, shetani alilirusha kutoka kisiwa cha jirani. Ishbel alikuwa akigeuka nyuma kila kona.

"Unatembea kama mwizi," Murdo alimtania.

Mlangoni pa duka la samaki, Bibi Teenie aliwasimamisha. "Ndiye huyu mchumba? Mikono laini hivi! Kazi gani?"

"Anasoma," Ishbel aliwahi.

"Anasoma nini, viganja?"

Jioni supu ya samaki wa moshi ilipowekwa mezani, Mzee Dod alisema, "Mgeni atuombee chakula."

Murdo alifumba macho. Sala ikatiririka, pana na yenye mizani. Akawakumbuka walioko baharini, na wale ambao bahari haikuwarudisha. Ishbel alimkanyaga mguu chini ya meza. Murdo hakukatiza mpaka amina.

Mzee Dod alinyoosha mkono polepole, akaishika fimbo ya chuma ya kuchochea moto.

"Kijana, sala hiyo hukufundishwa na mama yako."

"Hapana, Mzee. Ndiyo kazi ninayosomea."

"Neno lenyewe usilitaje humu." Akamgeukia Ishbel. "Nawe ukanificha?"

"Niliogopa, babu. Ukikataa kunisindikiza, nitaingia na nani?"

Mzee alivuta bakuli lake. Alikula supu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika chuma.

Jumapili Mzee Dod aliwasindikiza kituoni kwa njia ya juu, ndefu, mbali na mashua yake. Basi lilipokaribia, alimpa Murdo mkono wa kuume. Wa kushoto ulibaki mfukoni, na Ishbel aliiona ncha ya msumari ikisukuma kitambaa cha koti.

"Umemwombea kaka yangu, wala hukumjua," alisema mzee. Kisha, kwa sauti ya kukaripia: "Siku ya harusi, huyu atangulie kanisani kwa njia hii hii ya juu. Mimi na wewe, mjukuu wangu, tutapita gatini."