Karanga za Mfaume

Shemeji yangu Dorotea hakutaka mashairi yangu. Alitaka riwaya, tena ya kuliza.

"Mashairi yako yana kelele, Wanzagi," aliniambia, akigeuza furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikauka juani. "Mtu akisoma anakuona wewe tu. Nitafutie kitabu chenye watu."

Angekuwa mwingine, tungegombana hadi jioni. Vina na mizani nilijifundisha mwenyewe, na Makoko nzima, mtaani kwetu, hakuna aliyethubutu kuniambia maneno kama hayo. Lakini nilijua anatafuta nini, nikaanza kumtafutia.

Kaka yangu Magige, mume wake, aliondoka ufukwe wa Murangi kwa mtumbwi wakati ule sabuni haipatikani hata kwa foleni. Alibeba samaki wakavu awapeleke Kenya, arudi na sabuni na mafuta ya kula. Hakurudi. Hata kasia lake halikuonekana. Na nyumbani kwetu, mtu ambaye mwili wake haujaonekana haliliwi. Kumlilia ni kumzika, mama alisema, na ukimzika aliye hai unamfungia njia ya kurudi. Dorotea akifuta jicho jikoni, mama aliuliza kutoka uani, "Ni moshi huo, au?"

"Ni moshi, mama."

Ndiyo maana shemeji akawa msomaji. Mtu wa kitabuni hakuna aliyekataza kumlilia.

Kitabu cha kwanza nilimchagulia mwenyewe, cha vita vya zamani, mikuki na bunduki mwanzo hadi mwisho. Alikirudisha macho makavu.

"Wanakufa wengi mno. Sikupata nafasi ya kumjua hata mmoja."

Cha pili kilihusu ukoo uliotawanywa na njaa, na mwishoni wote wanakutana. Hicho alikirudisha kwa hasira. "Kitabu kinachomrudisha mtu nikisomee nini mimi?"

Nikaenda Bunda kwa Felisian, karani wa kupima pamba, rafiki yangu wa kubadilishana vitabu.

"Nataka cha kumliza shemeji."

"Basi usichague wewe. Wewe unapendaga vita tu. Umewahi kulia kwa kitabu?"

"Sijawahi."

"Sasa wewe ni mpishi gani, usiyeonja chumvi?"

"Nawe ulilia kwa kipi? Kwa bei ya pamba?"

Alicheka, akaingiza mkono nyuma ya magunia, akatoa kitabu kilichokwishapoteza jalada. "Hiki. Usimsimulie hata neno moja. Mwambie tu akifika kwenye karanga asome taratibu."

Nilirudi juu ya lori la pamba, lililopitia Butiama kuongeza mzigo. Wakati wanapakia, nikafungua nione Felisian anaringia nini. Kilimhusu Mfaume, kijana aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Kila mvua mkewe alimpandia tuta lake la karanga, akalipalilia, akavuna, akaziweka chunguni. Hakula hata punje. Utingo akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya pili yake Dorotea alikaa uani na kile kitabu. Mama alikuwa upande wa pili akichambua dagaa. Mashuka yalikauka kwenye kamba, meupe. Sabuni sasa ilikuwa imejaa madukani Musoma, ya kila rangi, na hakuna aliyeitazama kwa furaha nyumbani kwetu. Mara nikaona mabega ya shemeji yanatikisika.

Mama naye akaona. "Leo moshi uko wapi?"

"Ni kitabu, mama. Kuna mtu alichukuliwa vitani, hajarudi. Mkewe anampandia karanga."

Mama akaendelea na dagaa wake. Halafu mikono ikasimama.

"Mama mzazi wake yupo?"

"Yupo."

"Anafanya nini?"

Dorotea akarudisha kurasa, akatafuta kwa kidole. "Anamchagulia mbegu. Zilizo nzima tu."

Mama alisogeza ungo pembeni. Akaja akakaa chini, miguu ameinyoosha, bega lake likigusa la mkwewe.

"Anza hapo kwa mbegu. Polepole. Kiswahili cha vitabu kinakimbiaga."

Dorotea akasoma. Nilisimama mlangoni, sikuongeza neno langu hata moja. Walipofika pale mke wa Mfaume anafungua chungu na kukuta karanga za mvua zote zilizopita, mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mfaume," alisema. "Mwanangu Mfaume."

Akalia kwa sauti, jinsi anavyoliliwa mtu kwetu, akimtaja alivyotembea, alivyopenda ugali wa moto, alivyopiga mluzi akitoka ziwani. Kitabuni hapakuwa na ziwa. Dorotea aliacha kusoma, naye akamwitikia.

Helena, jirani yetu, akaja mbio, kanga ameifunga kiunoni.

"Wanzagi, nani amekufa?"

"Mfaume," nikamwambia.

"Mfaume wa nani? Wa ukoo gani?"

Niliwatazama wale wawili pale chini.

"Wa kwetu," nikasema. Helena akavua viatu, akaenda kukaa nao.